Siku Niliyompeleka Kapinga Tenke

Ipo siku moja, mwanangu, ninayoikumbuka kuliko hata siku ya harusi yangu (mke wangu akisoma haya nitakula kwa jirani wiki nzima). Ilikuwa Jumamosi ya kiangazi, katika miaka ya mwisho ya utawala wa Wabelgiji, nilipopanda treni kutoka Kolwezi kwenda Tenke nikiwa na binti yangu wa kwanza, mama mkwe wangu, na nia mbaya.

Ujue kwanza kwamba mimi si mtu wa safari. Hata leo, mtu akiniambia twende Kapata, namuuliza kama Kapata haiwezi kuja hapa. Ujanani nilikuwa vilevile: asubuhi ofisini, jioni nyumbani, Jumapili kanisani, basi. Kwa hiyo ukisikia kwamba mtu kama mimi aliacha kiti chake na kupanda treni, elewa kuna kitu kilimsukuma. Kitu hicho ni aibu. Aibu ina miguu mirefu. Inamtembeza hata mvivu.

Wakati huo nilikuwa karani wa kampuni ya migodi, kambi ya Musonoi, hapo Kolwezi. Nilikuwa nimesoma sekondari miaka mitatu kwa mapadri, na nilitaka kila mtu ajue. Nilisema Kifaransa na mabwana, na wenzangu, na mara moja moja na kuku wetu. Nilivaa tai hata siku za joto. Jumamosi nilifundisha watoto katekisimu. Kwa kifupi nilikuwa kijana mzuri sana, na kama hukubali, ungeniuliza mimi mwenyewe.

Mtoto wetu wa kwanza ni Kapinga. Mama yake alihangaika siku mbili kumzaa, na alipotoka hakulia. Shingo yake ilichelewa kukaza. Miguu yake ilipishana kama mkasi, na alipofikia miaka saba alikuwa akitembea kwa kushika ukuta. Mkono wa kuume ulijikunja. Maneno yalimtoka vipande vipande, na mate yakiyafuata. Homa ikimpata, degedege nayo ilikuja.

Majirani walisema waliyosema. Mmoja alisema ni babu wa huko Kasai amekasirika, mwingine akasema ni dhambi ya mama, mwingine ya baba, na wote walisema kwa sauti ya chini ambayo inasikika nyumba ya tatu. Mimi nilisali novena juu ya novena. Lakini nikikumbuka vizuri, ile haikuwa sala. Nilikuwa kama mtu anayerudisha sufuria dukani: Bwana, hii ina kasoro, nipatie nyingine.

Kwetu Waluba, mzazi huitwa kwa jina la mtoto wake wa kwanza. Mimi nilikuwa Tata Kapinga, mke wangu Mama Kapinga. Alipozaliwa Mulumba, mvulana mwenye miguu iliyonyooka na mdomo usiofungika, nikaanza ujanja. Mtu akiniita Tata Kapinga, nakohoa. Akiniita Tata Mulumba, naitika kwa furaha. Miezi michache ikapita, kambi nzima ikajifunza. Mke wangu peke yake hakujifunza. Yeye alibaki Mama Kapinga, na ukimwita vingine haitiki.

Basi ikaja habari ya karte. Siku hizo serikali ilikuwa inatoa karte kwa Waafrika walioonekana wamestaarabika, wale walioitwa ba-evolwe. Ukiwa nayo, unapata heshima dukani na ofisini, na bwana mkubwa anakuita *Monsieur*. Lakini kabla ya kuipata, watu wa tume wanakuja nyumbani kwako. Wanatazama mapazia, wanafungua kabati, wanatazama kama unakula kwa uma, kama mke anajua kuandika jina lake, kama watoto ni safi na wanakaa vizuri mezani. Watoto mezani, mwanangu! Kapinga akishika kijiko, nusu ya chakula ilikwenda ukutani.

Rafiki yangu Fidèle, karani mwenzangu ambaye karte yake tayari ilikuwa mfukoni, alinivuta pembeni.

"Kaka, bo bataingia mu nyumba na kuangalia kila kitu. Ule mutoto wako utamuweka wapi?"

"Jikoni?"

"Jikoni bataingia pia. Mupeleke kwa kaku yake ku Kasai. Kule eko na mashamba, eko na hewa."

Hewa! Kana kwamba Musonoi tulikuwa tunapumua maji. Lakini nililipenda neno hilo, kwa sababu lilinipa namna ya kusema jambo baya kwa jina zuri. Jioni ile nilijaza fomu ya tume. Penye idadi ya watoto wangu niliandika wawili, kwa mwandiko wangu mzuri wa sekondari. Nilikuwa na watatu. Mkono haukutetemeka hata kidogo, na hilo ndilo linaloniogopesha mpaka leo.

Mama mkwe wangu, Mama Mbombo, ndiye huyo kaku, nyanya yake Kapinga, alikuwa amekaa kwetu miezi miwili kumsaidia binti yake na kitoto chetu cha mwisho. Sasa alikuwa anarudi Kasai. Nikamwambia mke wangu kwamba Kapinga angeenda naye kutembea kidogo.

"Juma ngapi?" akauliza.

"Tatu hivi. Pengine ine."

Hakubisha. Alifunga kifurushi, nikakiona chepesi sana.

"Mama Kapinga, nguo moja tu?"

"Si umesema eko anaenda kutembea? Mutu mwenye anaenda kutembea anabebaka nguo moja." Akanitazama. "Ama kuko kitu hujaniambia?"

Nikatafuta kofia yangu.

Tulifika Tenke mchana. Pale ndipo unapobadilisha: treni ya Kolwezi inakushusha, unangoja ile inayotoka Elisabethville kwenda Kasai. Tukaketi kwenye benchi la stesheni, vumbi jekundu juu ya viatu vyangu vya kung'aa, mama mkwe mwisho mmoja, mimi mwisho mwingine, Kapinga katikati. Saa mbili za kungoja.

Sasa sikiliza desturi, maana bila hiyo hutaelewa kilichotokea. Kwetu mama mkwe haangaliwi usoni. Mkikutana njiani unampisha. Huli mbele yake. Na humsemeshi ana kwa ana. Neno lako linapita kwa mtu wa kati, mara nyingi mtoto. Yeye naye hivyo hivyo. Mjumbe akiwa hajafikisha neno, hujalisikia, hata kama limesemwa karibu na sikio lako. Ukijibu kabla, umemvunjia mzee heshima. Nyumbani mjumbe wetu alikuwa Mulumba, aliyekimbiza maneno kama panya. Kapinga hatukumtuma kamwe. Nani ana muda?

Pale Tenke Mulumba hakuwepo.

Mama Mbombo akakohoa. "Kapinga," akasema, macho yake kwenye reli, "uulize Tata Kapinga kama njaa inamuuma."

Kapinga akanyooka. Sijawahi kuona mtu akipandishwa cheo namna ile. Akaanza kunigeukia; shingo ikakataa, akaishinda; mdomo ukatafuta umbo lake, ukalikosa, ukalitafuta tena. Mimi nilikuwa nimekwisha kusikia, jibu langu liko tayari, lakini desturi ilinifunga mdomo. Nikangoja.

"Ta," akasema. "Ta... nja-a?"

Nilishtuka, mwanangu. Lilikuwa neno kamili, na lilikuwa limefika.

"Muambie kaku yako, niko nimeshiba."

Tumbo langu likanguruma papo hapo, kwa sababu tangu asubuhi sikula. Kapinga akacheka mpaka akakaribia kuanguka benchini. Kisha akakusanya uso wake, akamgeukia nyanya yake, akachukua muda wake wote, akasema: "Ka-ku. Uo-ngo."

Huo haukuwa ujumbe nilioutuma.

Mama Mbombo hakucheka, au alichekea ndani. Akamtuma tena. "Uulize Tata Kapinga: siku tutafika mbele ya Mungu, Mungu ataomba karte?"

Ikaja polepole, kipande kwa kipande. "Ta. Mu-ngu... ka-te?"

"Muambie ni mambo ya kazi."

"Ka-ku. Kazi."

"Aa. Kazi," akasema nyanya. Mwanamke mmoja akapita na beseni la viazi vitamu vya kuchemsha, harufu yake ikanipita usoni bila huruma. Kisha Mama Mbombo akasema tena, taratibu, kama anayeweka mawe kwenye ukuta. "Kapinga. Muambie Tata Kapinga hivi: mi nilizaa batoto kenda. Ine nilibazika. Kazi ya kuzika ninaijua. Lakini mutoto mwenye eko anapumua, sijajifunza kumuzika. Kama njo ile kazi ananipatia, aniambie yeye mwenyewe, na kinywa yake, nisikie."

Sikugeuza kichwa. Alijua yote. Alijua hakuna majuma matatu wala manne. Na mke wangu alijua, ndiyo maana alifunga nguo moja: alikataa kuwa mshiriki wa uongo wangu, hata kwa nguo.

Lakini neno lilikuwa bado halijafika. Kapinga aliutazama ujumbe ule kama mtu anayetazama mzigo unaomzidi kimo. Alianza, akaacha. Akafuta mate kwa kiwiko. Akaanza tena. Nami sikuweza kuondoka, sikuweza kujibu, sikuweza kusema "haya, basi, nimeelewa" kama nilivyozoea nyumbani. Nikangoja. Nadhani ilikuwa mara ya kwanza maishani mwangu kumngoja.

Mwisho maneno ya nyanya yake akayaweka chini, akatoa lake mwenyewe. Alinyoosha ule mkono uliojikunja kuelekea reli.

"Ta," akasema. "We... na-mi? Twe-nde?"

Alidhani ninakwenda naye. Njia nzima, ndani ya treni, juu ya benchi lile, alidhani tunasafiri pamoja, mimi na yeye. Na kumbe alikuwa anajua kuuliza! Pengine alikuwa akiniuliza miaka mingi, nami kila mara nikiinuka kabla hajamaliza.

Hapo treni ya Kasai ikapiga honi.

Mama Mbombo akasimama, akajitwika mzigo wake. Hakumshika mtoto mkono. Akasema tu: "Kapinga, muambie tata yako, treni haingojake mutu." Halafu akafanya jambo ambalo hakulifanya miaka minane ya ndoa yetu: akanigeukia na kunitazama usoni, moja kwa moja. Macho ya mzee yule yalikuwa yamechoka, wala hayakuwa na hasira. Hilo lilinimaliza. Hasira ningeijibu kwa Kifaransa.

Mdomo wangu ukaivunja desturi kabla ya kuniomba ruhusa.

"Mama," nikasema, "mutoto anabaki na miye."

"Sawa," akajibu, naye ana kwa ana, maana heshima ilikuwa imekwisha kuanguka chini na hakuna aliyeinama kuiokota. "Basi mununulie kiazi, eko na njaa. Na weye pia. Tumbo yako inapigaka kelele sawa mashini ya ku mugodi."

Akapanda. Baadaye nilimpelekea kuku kuomba msamaha kwa kumsemesha uso kwa uso, naye akanitumia kuku kuomba msamaha kwa kunitazama. Wa kwetu tulimla.

Treni ya kurudi ilikuwa kesho yake. Tulifika Kolwezi Jumapili, watu wakitoka misa. Kapinga alikuwa amechoka, miguu imekataa kabisa. Sikuwa na la kufanya: nilimfunga mgongoni kwa kitenge chake, kama mama, mimi mwanamume mwenye tai na kofia, nikapita mbele ya kanisa. Tai ilinikaba, mate ya mtoto yalinilowesha shingo. Fidèle alinisimamisha mbele ya watu wote.

"Eh! Tata Mulumba! Leo umekuwa mama?"

"Mulumba ni mutoto wangu wa pili," nikamwambia. "Jina langu unalijua."

Watu walicheka, nami nilitamani ardhi ipasuke. Usidhani ushujaa uliniondolea haya. Nilitembea na haya yangu mgongoni pamoja na mtoto, na mtoto ndiye aliyekuwa mwepesi.

Mke wangu alikuwa mlangoni. Alimtazama Kapinga, akanitazama mimi.

"Treni iliharibika?"

"Hapana. Ni miye."

Akamfungua mtoto mgongoni mwangu, akaingia naye ndani. Nilimsikia akilia, kisha nikamsikia akiniambia kwa sauti ya kawaida kwamba maji ya kuoga yapo na nisiyamalize.

Jumatatu nilikwenda kuomba fomu yangu, nikakata wawili, nikaandika watatu, na jina la kwanza kwenye orodha likawa Kapinga. Jumanne tume ikaja: bwana wa serikali, padri mmoja, na Mwafrika mwenye karte, ambaye ndiye aliyekuwa mkali kuliko wote. Walihesabu uma. Walifungua kabati. Kapinga akawajia kwa kushika ukuta, akampa kila mmoja mkono wake wa kushoto na kuanza salamu yake ndefu. Bwana wa serikali aliuondoa mkono wake salamu ikiwa katikati. Padri alingoja mpaka mwisho.

Yule mwenye karte akaangalia karatasi. "Huyu hakuwa ameandikwa?"

"Ameandikwa jana, bwana," nikasema. "Baba yake alichelewa."

Karte hawakunipa. Barua ilisema nyumba yangu haijafikia kiwango. Niliumia, sitakudanganya, nilinuna juma zima. Miaka michache baadaye uhuru ukaja, na karte zote zikawa karatasi. Yake Fidèle alikuwa akiifungia tumbaku.

Kapinga hakupona. Ninaliandika hili wazi, mwanangu, kwa sababu watakuja watu kukuuzia uponyaji, na wengine watashika Biblia mkononi. Degedege ziliendelea miaka mingi. Kuna asubuhi ambazo mimi na mama yake tulitazamana bila nguvu ya kusema hata "tusali". Lakini alijifunza kusema, kwa wale wenye subira. Alipofika umri wa komunyo ya kwanza, wenzangu wa katekisimu walisema hawezi kujibu maswali. Nikamwuliza mimi mwenyewe mbele ya padri, swali baada ya swali. Tulianza baada ya misa ya kwanza, tukamaliza misa ya pili inataka kuanza. Alijibu yote. Mawili alijibu vizuri kuliko ninavyofundisha. Leo ana mvi, yumo nyumbani kwetu, anachambua maharagwe kwa mkono wa kushoto, na wajukuu wote hupitia kwake kwanza kabla ya kunisalimia mimi.

Sasa wewe, mwanangu, uliyezaa mtoto ambaye watu wanampunguzia sauti. Nilikuona kanisani umekaa benchi la nyuma karibu na mlango, mtoto umemfunika uso. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Na mficha mtoto, mtoto mwenyewe anamwona. Anaona vizuri sana. Mtoe kwenye kitambaa. Njoo mbele, kaa na sisi, na akipiga kelele wakati wa mahubiri, basi mhubiri afupishe, tutamshukuru mtoto.

Mngoje. Kati ya yote niliyojifunza hilo ndilo la kwanza, nami nililijifunza kwa kulazimishwa, kwa hiyo sijivuni. Neno lake lina njia ndefu kuliko la wengine. Usiinuke kabla halijafika. Na usimwache mama yake aubebe mzigo huo peke yake huku wewe ukijiita mtu wa sala. Mwenye kusali na aoshe nguo pia. Wazee walisema tembo hashindwi na mkonga wake, na ni kweli, lakini hata tembo hupumzika. Ukichoka, sema umechoka. Mungu hakasirikii mtu aliyechoka. Mimi nilimkasirikia Mungu miaka saba, na alinivumilia.

Wala usiulize tena nani alitenda dhambi. Mitume waliuliza swali hilo, na Yesu hakuwapa jina la mtu. Na wanaocheka waache. Hujafa hujaumbika, hakuna ajuaye atamalizia wapi mwili wake. Mimi mwenyewe siku hizi natembea kwa kushika ukuta.

Mungu aliyemjua mtoto wako tumboni akujalie usingizi usiku na uvumilivu mchana. Akupe majirani wenye kusikia na mkwe asiyeogopa kukutazama. Jina la mtoto huyo liwe jina lako mbele za watu, uitike bila kukohoa. Mwende kwa amani, wewe na mama yake, na mtoto katikati. Amina.